Mwanaume Kupika Tambi Usiku wa Muvi Siyo Limbwata, Acheni Ushamba!

Leo sijaja na ubuyu wa nani kaachana na nani. Ubuyu upo, tena wa moto, ila safari hii nautumia kusema jambo ambalo linanikera muda mrefu.

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, kaposti kipande kifupi cha video yuko jikoni kwake. Kavaa bukta na aproni, anageuza tambi kwenye kikaango, mchumba wake kakaa pembeni anakuna jibini. Nyuma yao unaiona TV, muvi imesimamishwa inawasubiri. Maneno aliyoandika ni machache tu: leo ni usiku wa muvi na pasta. Basi!

Mimi nilidhani watu watasema hongereni, mahaba hayo. Weee! Ukifungua komenti unakutana na makundi matatu. Kundi la kwanza linasema jamaa kafulia, zamani tulikuwa tunamwona anakula bata kwenye mahoteli ya ufukweni, sasa hivi anajificha ndani na pakiti ya tambi. Kundi la pili, ambalo ndilo kubwa, linasema kalishwa limbwata, mwanaume mzima hawezi kushika mwiko huku mwanamke kakaa. Kundi la tatu linasema huo ni uzungu, chakula cha usiku ni ugali, tambi ni za watoto.

Napinga makundi yote matatu, na nitawajibu moja moja. Kwangu mimi, kuangalia muvi nyumbani huku mnakula pasta mliyoipika wenyewe ni mtoko mzuri kuliko mingi tunayoilipia. Na sababu yangu ya kwanza siyo hela. Ni heshima.

"Njoo geto tuangalie muvi"

Tusidanganyane hapa. Sote tunajua hiyo sentensi imeharibika. Mshkaji akimwandikia demu "njoo geto tuangalie muvi", hata masela zake wanacheka. Muvi yenyewe hana. Laptop haina chaji. Kuna wengine hata flashi hawana, wanafungua klipu za YouTube za dakika tano halafu mchezo unaanza. Dada wa watu kapanda daladala mbili, kavaa vizuri, kaja akiamini anakuja kuangalia muvi, kumbe kaitwa kwa jambo lingine. Akikataa, anaambiwa sasa ulikuja kufanya nini?

Hilo swali ndilo linaloniudhi kuliko yote. Alikuja kuangalia muvi! Ndicho ulichomwambia. Kukubali kuja kuangalia muvi ni kukubali kuangalia muvi, hakuna mkataba mwingine umefichwa chini yake. Na kama mnataka mengine, hayo yana mazungumzo yake, na kila mmoja ana haki ya kusema hapana hata kama muvi imefika katikati.

Kuna dada mmoja mtangazaji wa redio hapa mjini, naye jina kapuni, ana kipimo chake. Mwanaume akimwalika kuangalia muvi, anamuuliza muvi ipi. Akishindwa kutaja jina, safari imekufa hapo hapo. Mimi nimependa, ila ningeongeza swali la pili: tunakula nini, na nani anapika?

Fikiria vizuri. Mwanaume aliyeenda sokoni mchana, akanunua nyanya, vitunguu swaumu, biringanya na pakiti ya tambi, akafua taulo la jikoni, akakutajia jina la muvi na saa ya kuanza, huyo kajiandaa kukaa na wewe. Hata kama ana matumaini mengine moyoni, kaanza na kukuheshimu. Yule mwenye soda moja ya moto na kitanda kilichotandikwa, wewe mwenyewe unajua.

Na dada zangu, hata kwa huyo mpishi, kama ndiyo mara ya kwanza mwachie shosti wako jina la mtaa na muda wa kurudi. Mwanaume mwenye nia njema hawezi kununa kwa hilo.

Kwa nini pasta na siyo pilau?

Hapa nakuja kwa watu wa limbwata. Kaeni mkao wa kula.

Pilau ni tamu, sibishi. Lakini pilau ya usiku wa watu wawili inapikwaje? Tunajua. Mmoja anaingia jikoni saa 10 jioni anakaanga vitunguu, anachemsha nyama, anapalia mkaa juu ya mfuniko. Mwenzake yuko sebuleni na rimoti. Wakati muvi inaanza, aliyepika ananuka moshi, amechoka, anasinzia dakika ya ishirini. Na tusizunguke, huyo aliyepika mara nyingi ni mwanamke. Kaalikwa mgeni, kageuzwa mpishi.

Pasta ina tabia tofauti. Haisubiri mtu. Tambi kavu zinaiva kwa dakika 8 mpaka 12 hivi kutegemea unene wake, na zikiiva zinataka kuingia kwenye mchuzi muda huo huo, ziliwe muda huo huo. Ukiziacha zinashikana kama gundi. Kwa hiyo kunahitajika mikono minne: mmoja anaangalia sufuria, mwingine anaangalia kikaango. Mmoja anakata, mwingine anakuna jibini. Mnaanza pamoja, mnamaliza pamoja, na mnakaa kwenye kochi pamoja. Ndiyo maana nasema huu msosi umekaa kimuvi muvi. Unawaweka watu wawili jikoni kwa muda mfupi, halafu unawaachia.

Kwa hiyo yule staa hajalishwa kitu. Angalieni ile video tena. Yeye anageuza, mchumba wake anakuna jibini. Wote wako kazini! Mnaona limbwata kwa sababu mmezoea kuona mtu mmoja tu kashika mwiko.

Na kwa wanaume mnaosema hamjui kupika, shikeni hii, ni rahisi kuliko kuunga wali:

Mtu mmoja anatosha gramu 100 za tambi kavu, kwa hiyo pakiti ya gramu 500 inalisha watu watano. Kila gramu 100 zinataka lita 1 ya maji na kama gramu 10 za chumvi, yaani karibu vijiko viwili vya chai. Maji yachemke kabisa ndipo uweke. Usivunje tambi, zitalala zenyewe. Usiweke mafuta kwenye maji, yanafanya mchuzi uteleze usishike. Onja dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti: zikiwa zimeiva lakini bado zinakaza kidogo ukiuma, hapo ndipo Waitaliano wanaita al dente. Kabla ya kumwaga maji, chota kikombe kimoja ukiweke pembeni. Yale maji yana wanga, ukiyamimina kidogo kidogo kwenye kikaango ndiyo yanaunganisha mchuzi na tambi. Malizia kupika ndani ya mchuzi, dakika moja au mbili. Kwisha habari!

Ile ya kuchemsha tambi mpaka ziwe uji halafu unamwagia tomato juu kama unamwagilia bustani, tuiache.

Kafulia? Nani kasema?

Kundi la kufulia nao wana shida yao. Wanaamini mapenzi lazima yawe na mashahidi. Mkienda hoteli ya ghorofani yenye upepo wa bahari, mnapiga picha ya sahani, picha ya glasi, picha ya viatu, kila mtu anainama kwenye simu yake kusoma komenti. Saa mbili zimepita, hamjaongea hata sentensi kumi. Bili inakuja, mmoja anaangalia dari.

Namfahamu kijana mmoja, mjasiriamali mdogo wa nguo za mtumba, anayefahamika kiasi chake Instagram. Alikuwa kila Ijumaa lazima aonekane sehemu. Mtaji ukaanza kuliwa kidogo kidogo mpaka akashindwa kufungua belo jipya. Na yule aliyekuwa anamtoa out kila wiki alikuwa hajui kama kuna shida, kwa sababu kule kwenye muziki mkubwa hawakuwahi kupata nafasi ya kuambiana ukweli. Hicho ndicho kinachonitisha. Unaweza kutoka na mtu mwaka mzima na msijuane, kwa sababu muda wote mlikuwa mnauza sura.

Pakiti moja ya tambi kwa Mangi haifiki bei ya kinywaji kimoja kwenye hizo hoteli. Nyanya, kitunguu swaumu, pilipili, vyote viko gengeni. Kitu cha gharama kidogo ni mafuta ya zeituni na jibini ngumu, na chupa moja ya mafuta inakaa muda mrefu. Muvi, mnachangia bando, au mnaenda kwa yule jamaa wa kuuza muvi anawajazia flashi. Ukibaki na hela, weka akiba. Kula bata siyo dhambi, ila bata la kukopa linauma mwisho wa mwezi.

Eti uzungu!

Haya, kundi la tatu. Mnasema tambi ni uzungu. Muulizeni bibi yeyote wa pwani, Tanga, Bagamoyo au Unguja. Tambi za nazi, sukari na iliki zinapikwa Ramadhani kila mwaka, tena zikikosekana kwenye futari watu wananuna. Nenda Malindi kwa majirani zetu Kenya, kuna jamii ya Waitaliano waliokaa miaka mingi, mpaka vijana wa ufukweni wanaongea Kiitaliano, na pasta ni chakula cha kawaida kwenye migahawa ya mji. Majirani zetu wa Somalia, ambako Italia ilitawala sehemu ya kusini, wanakula pasta kama sisi tunavyokula wali. Wao wanaiita baasto, na pembeni wanaweka ndizi mbivu. Ndizi! Wakaifanya ya kwao, hawakuomba ruhusa Roma.

Hata hao Waitaliano, nyanya haikuwa yao. Ilitoka Amerika, ikaja Ulaya baada ya safari za akina Columbus. Leo hii huwezi kuifikiria pasta bila nyanya. Chakula ni cha anayekipika vizuri, mengine ni kelele.

Muvi gani na msosi gani

Sasa utamu wenyewe. Usipike tu ovyo. Chagua muvi, halafu pika kile kinachopikwa ndani yake au kinachofanana nayo. Hapo usiku unakuwa na stori. Nawapa tano nilizozipenda.

Anza na Luca, katuni ya Pixar ya mwaka 2021, dakika 95. Ni watoto wa baharini wanaogeuka binadamu wakiwa nchi kavu, wanaishi kwenye kamji ka pwani ya Liguria, Italia. Kuna mashindano ya kuogelea, kula pasta na kuendesha baiskeli. Mle ndani wanakula tambi na pesto, ambayo asili yake ni Genoa, mji aliozaliwa mwongozaji wa muvi hiyo, Enrico Casarosa. Pesto ni majani ya mrehani, kitunguu swaumu, jibini, mafuta ya zeituni na mbegu za msonobari. Hizo mbegu ni ghali na hazipatikani kirahisi. Weka korosho za Mtwara, twanga kwenye kinu, utanishukuru.

Ya pili ni Chef ya mwaka 2014, ya Jon Favreau. Kuna sehemu mpishi anampikia Scarlett Johansson tambi usiku. Hakuna nyama wala tomato. Ni vitunguu swaumu vingi, mafuta ya zeituni, pilipili kavu, kotimiri ya kizungu na limao. Waitaliano wanaita aglio e olio, yaani kitunguu swaumu na mafuta. Ni chakula cha tarehe 28, mshahara umekata, lakini ukionja hutajua. Ushauri: kitunguu swaumu kikatwe vipande vyembamba na moto uwe mdogo. Kikiungua kinakuwa kichungu na usiku umeharibika. Na mle wote wawili, kwa sababu za pumzi mnazijua wenyewe.

Ya tatu ni The Godfather ya 1972. Hii inachukua karibu saa 3, kwa hiyo siyo ya kuanza saa 4 usiku. Mle ndani mzee Clemenza anamfundisha kijana Michael kupika mchuzi wa nyanya wa watu 20: mafuta, kitunguu swaumu, nyanya, soseji na kababu. Tazama vizuri: ni kundi la majambazi, wanaume watupu, na wanapika! Hakuna aliyewaambia wamelishwa limbwata. Mchuzi wa hivi unauweka jikoni kwa moto mdogo mapema, ukifika kwenye muvi uko tayari, mnachemsha tambi tu.

Ya nne ni Lady and the Tramp, katuni ya Disney ya 1955, haifiki dakika 80. Mbwa wawili wanakula tambi na kababu kwenye sahani moja, uzi mmoja wa tambi unawakutanisha midomo. Mmeiona mara elfu kwenye mitandao. Walt Disney mwenyewe nusura aiondoe hiyo sehemu, mchoraji wake Frank Thomas ndiye aliyeipigania. Hii ni kwa wapenzi wapya wenye aibu. Ila tambi mrefushe, msizivunje!

Ya tano ni Big Night ya 1996. Ndugu wawili kutoka Italia wana mgahawa Marekani, biashara inakufa kwa sababu kaka mkubwa hataki kupika chakula feki cha kuwafurahisha wateja. Mle kuna mteja anashangaa kwa nini hapewi tambi na kababu pembeni ya sahani yake ya wali wa Kiitaliano, na mpishi anakaribia kupasuka. Msiiangalie na njaa. Pika pasta alla Norma ya Sicily: biringanya za kukaanga, mchuzi wa nyanya, mrehani na jibini. Biringanya gengeni ni bei ya kutupa na tunazidharau bure.

Onyo moja. Kuna pasta maarufu inaitwa carbonara, kila mtu mtandaoni anaipika na krimu. Roma hawaweki krimu. Ni yai, jibini la kondoo, pilipili manga na nyama ya shavu la nguruwe. Kwa hiyo kabla hujampikia mgeni, uliza. Kama hali nguruwe, achana nayo, kuna pasta nyingine kibao. Kumuuliza mtu anakula nini na hali nini ni mahaba pia.

Masharti ya usiku wenyewe

Nayaweka machache.

Angalieni LUKU kabla ya kuanza. Hakuna aibu kama umeme kuisha wakati jambazi ndiyo anafungua mlango. Muvi ishushwe mapema, msitegemee bando la usiku.

Simu ziwekwe mbali. Mnataka kuposti? Postini picha moja ya sahani, halafu zima intaneti. Yule staa wetu kaposti sekunde chache na hakurudi mpaka kesho yake. Nyie mkabaki mnatukanana kwenye komenti zake usiku mzima wakati yeye anaangalia muvi. Nani kafulia hapo?

Mkimaliza, vyombo vinaoshwa na wote wawili, usiku ule ule. Mwanaume anayepika kwa kamera halafu anaacha masufuria yakauke tambi mpaka asubuhi ili mgeni aoshe, huyo hajapika, kafanya kiki.

Na hii siyo ya wapenzi tu. Wewe na mabest zako, wewe na wadogo zako, wewe na mama. Mama zetu wengi walitupeleka shule, wakatupikia miaka ishirini, na hawajawahi kukaa chini wakawekewa sahani mbele ya muvi wanayoichagua wao. Mpikie tambi Jumapili moja, umwache achague hata ya Kihindi. Atakwambia chumvi imezidi, lakini atakaa mpaka mwisho.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Nyie mnaosema limbwata, leteni hoja, matusi nafuta. Kina dada, ukiambiwa njoo geto tuangalie muvi, huwa unauliza nini kwanza? Na kina kaka, nani kati yenu amewahi kupika mwenyewe mpaka mwisho, na vyombo akaosha? Tukutane hapo chini kwenye komenti.